Barua ya wazi: Pumu inaanzia zahanati, na dawa zake zianzie hapo

Kwa:
Waziri wa Afya,
Katibu Mkuu, TAMISEMI,
Mkurugenzi Mkuu, Bohari ya Dawa (MSD),
Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.

YAH: INHELA YA KINGA, SPESA NA UPIMAJI WA KIKOHOZI SUGU KATIKA ZAHANATI NA VITUO VYA AFYA

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Sisi ni matabibu, wauguzi na wafamasia wa ngazi ya msingi: zahanati, vituo vya afya, na hospitali za wilaya ambako wagonjwa hukimbizwa wakishazidiwa. Hatuombi majengo. Tunaomba inhela ya kinga, ile ya kuvuta yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), iwe kwenye rafu ya zahanati miezi yote 12, na spesa iwe pembeni yake. Spesa ni lile kopo la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo wa mgonjwa. Mengine yote katika barua hii yanatokana na hilo.

Kinachofanyika leo mnakijua, maana ninyi ndio mnaolipa. Mgonjwa anafika usiku kifua kimembana. Anachomwa haidrokotisoni, anatundikiwa dripu ya aminofilini, asubuhi anaondoka na vidonge vya salbutamol, prednisoloni ya siku tano na chupa ya sirapu ya kikohozi. Baada ya wiki kadhaa yuko mlangoni tena. Hakuna hata kimoja katika orodha hiyo kinachozuia mashambulio kwa muda mrefu.

Sababu yake haina utata. Katika pumu njia za hewa zimevimba kwa ndani, na uvimbe huo upo hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Salbutamol hulegeza misuli inayobana njia hizo kwa saa nne hadi sita, basi, uvimbe haiugusi. Kinachoupunguza ni steroidi ya kuvuta, ikitumika kila siku kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haukubali tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa salbutamol peke yake. Mwongozo huohuo unaonya kwamba mgonjwa anayemaliza makopo matatu au zaidi ya salbutamol kwa mwaka yuko karibu zaidi na shambulio kali, na anayefikisha kopo moja kila mwezi yuko karibu zaidi na kifo. Kopo la bluu, yaani la salbutamol, linaloisha haraka ni dalili ya hatari. Huku kwetu mara nyingi linachukuliwa kama dalili kwamba mgonjwa anajitahidi kutumia dawa.

Vidonge vya salbutamol tungependa viondoke kabisa kwenye oda za pumu. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa sawa na pafu 40, yaani mibonyezo 40, za inhela ya mikrogramu 100. Mzigo wote huo hupita tumboni na kwenye damu, ukaufikia moyo na vidole pamoja na mapafu: mgonjwa anatetemeka, moyo unamwenda mbio, na kifua kinachelewa kufunguka. Sirapu ya salbutamol kwa watoto ina kasoro ileile. Aminofilini ya mshipani ni mbaya zaidi, kwa kuwa kiasi kinachotibu na kiasi kinacholeta kutapika, moyo kupiga ovyo na degedege vimekaribiana mno, na hakuna zahanati inayopima kiwango chake kwenye damu. GINA haiipendekezi katika shambulio la pumu. Sisi bado tunaletewa kwenye maboksi.

Kwa nini inhela ya kinga haifiki? Jibu rahisi ni bei, lakini tunaona tatizo kubwa zaidi liko kwenye namna ya kuagiza. Mganga mfawidhi anajaza maombi kwa kuangalia matumizi ya miezi iliyopita. Dawa ambayo haijawahi kufika matumizi yake ni sifuri, kwa hiyo maombi yake ni sifuri, na Bohari inasoma kwamba haina mteja. Upande wa pili wa daftari nako kuna tundu: kwenye kitabu cha MTUHA namba 5, rejesta ya wagonjwa wa nje, mtoto mwenye pumu huandikwa nimonia, akirudi mwezi ujao anaandikwa maambukizi ya njia ya hewa, mwezi wa tatu nimonia tena. Takwimu za wilaya zinaonyesha nimonia nyingi na pumu kiduchu, na fedha zinafuata takwimu.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza oda ipigwe kwa idadi ya wagonjwa walioandikishwa. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu mzima mwenye pumu ya kawaida anaweza kuanza na beklometasoni ya mikrogramu 100, pafu moja asubuhi na moja jioni. Kopo la pafu 200 linampeleka siku 100, hivyo anahitaji makopo manne kwa mwaka. Zahanati yenye wagonjwa 20 inahitaji makopo 80, yaani 13 au 14 kila miezi miwili. Pale ambapo inhela ya mchanganyiko wa budesonidi na formoterol inapatikana ni bora zaidi kwa vijana na watu wazima, kwa sababu kopo moja linakinga na kufungua, na mgonjwa anavuta pafu moja kila anapobanwa badala ya kukimbilia la bluu. Mchanganyiko huo uko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mpaka utakapofika vijijini, mgonjwa mwenye makopo mawili aelekezwe kwamba kila anapovuta salbutamol avute na ya kinga papo hapo.

Jambo dogo linaloharibu kubwa: makopo mengi tunayopokea hayana kihesabio cha pafu. Mgonjwa analitikisa, anasikia majimaji, anaamini dawa ipo, kumbe iliyobaki ni gesi tu. Kulielesha kwenye maji nako hakusemi kweli. Tunaomba zabuni zijazo zidai makopo yenye kihesabio. Kwa sasa muuguzi aandike kwa kalamu ya wino mzito, juu ya kopo lenyewe, tarehe ya kuanza na tarehe ya kulitupa.

Sasa spesa. Bila spesa sehemu kubwa ya dawa inagonga koo na kumezwa, na mtoto mdogo hawezi kabisa kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Pamoja na hayo ndicho kifaa kinachokosekana kuliko vyote, ilhali tunaweza kukitengeneza hapahapa. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500, ikirekebishwa, inafanya kazi sawa na spesa ya kiwandani kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ioshwe na ikauke. Waya mnene upindwe kwa umbo la mdomo wa inhela, uwekwe kwenye moto, kisha utoboe kitako cha chupa. Tundu libane: inhela ikicheza, dawa inavuja, na hapo ndipo chupa nyingi zinapoharibikia. Pembeni zungushia plasta. Mgonjwa anapumulia kwenye shingo ya chupa, na kwa mtoto wa chini ya miaka minne inafaa kuunganisha kinyago kinachofunika pua na mdomo bila kuacha mwanya.

Chupa mpya isitumike kavu kama ilivyotoka dukani. Plastiki ina umeme tuli unaovuta chembe za dawa zikaganda ukutani. Ioshwe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, isisuuzwe kwa nguvu wala kufutwa kwa kitambaa, iachwe ijikaushe yenyewe. Wakati wa kutumia: tikisa inhela, bonyeza pafu moja, mgonjwa apumue taratibu mara tano au sita ndani ya chupa, subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia. Kubonyeza pafu mbili tatu kwa pamoja ni kupoteza dawa. Baada ya ile ya kinga asukutue na kutema, vinginevyo utando mweupe utamwota mdomoni, naye ataacha dawa kwa sababu hiyo. Kila wilaya inaweza kufundisha watumishi wawili kazi hii kwa mchana mmoja.

Kwa shambulio lenyewe, tunaomba ukuta wa kila chumba cha dharura uwe na karatasi moja ya maelekezo. Mtu mzima: salbutamol pafu 4 hadi 10 kwa spesa kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, prednisoloni miligramu 1 kwa kila kilo, isizidi 50, kwa siku tano hadi saba, na dozi ya kwanza imezwe mapema maana inachukua saa kadhaa kufanya kazi, oksijeni ikiwa kipimo cha kidoleni kimeshuka, kwa lengo la asilimia 93 hadi 95. Kwa mtoto lengo la oksijeni ni 94 hadi 98, na prednisoloni ni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, isizidi 40, siku tatu hadi tano. Hata akipewa pafu 10 mara tatu, mgonjwa mzito anatumia pafu 30 saa ya kwanza, kwa hiyo kopo moja linahudumia watu sita. Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, inahitaji umeme, na katika shambulio la kawaida haimzidi mtu mwenye inhela na chupa. Anayeshindwa kumaliza sentensi, anayesinzia, mwenye oksijeni chini ya 90, au ambaye filimbi ya kifua imenyamaza huku bado anahangaika kupumua, apelekwe mbele mara moja, na njiani aendelee kupewa pafu. Kifua kilichonyamaza kimewadanganya watumishi wengi: hewa haipiti tena, ndiyo maana hakuna mlio.

Akitulia asiruhusiwe mikono mitupu. Aondoke na inhela ya kinga, na arudi ndani ya wiki moja.

Watoto chini ya miaka mitano wanahitaji aya yao. Mwongozo wa IMCI, ule wa kutibu magonjwa ya watoto, unamhesabu mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa miezi 12 hadi 59 anayepumua mara 40 au zaidi, kuwa ana nimonia. Lakini mwongozo huohuo unasema kwamba kifua kikipiga filimbi, apewe kwanza dawa ya kuvuta, hadi mara tatu kwa kupishana dakika 15 hadi 20, kisha pumzi zihesabiwe upya. Hatua hiyo inarukwa kwa sababu moja tu, inhela haipo chumbani, na mtoto anaondoka na amoksilini kwa mara ya nne mwaka huo. Mchanga wa chini ya mwaka anayepiga filimbi kwa mara ya kwanza akiwa na mafua kwa kawaida ana virusi, na salbutamol haimsaidii sana. Anayerudia kila mara, anayekohoa usiku, akikimbia au akicheka, huyo tumfikirie pumu. Na aliyeanza kukohoa ghafla, bila homa, alipokuwa akila, asitoke kabla hajaulizwa kuhusu karanga, punje ya mahindi au mbegu ya ubuyu. Filimbi ya upande mmoja wa kifua si pumu mpaka ithibitishwe. Kikohozi chenye makohozi kinachozidi wiki nne kwa mtoto mara nyingi ni maambukizi ya bakteria yaliyokaa kwenye njia za hewa. Yanahitaji antibayotiki ya wiki mbili, na sirapu hayaisikii.

Tumefika kwenye kikohozi cha watu wazima, na hapa tatizo ni kinyume: kila kikohozi kirefu kinaonekana kama kile cha jana.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kwa makohozi, na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI kikohozi cha siku yoyote kinatosha. Hilo halina mjadala katika nchi iliyo kwenye orodha ya mataifa 30 yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. GeneXpert, mashine ya kupima makohozi, inatoa jibu ndani ya saa mbili. Kinachochukua wiki ni sampuli kusafirishwa na majibu kurudi. Majibu yakisema hakuna kifua kikuu, mgonjwa anaishia hapo, na sisi tunadhani ndipo kazi inapoanzia. Tunaomba kila kituo cha afya kiwe na kipima nguvu ya pumzi, kile kibomba cha kupuliza kisichotumia umeme. Mgonjwa apulize mara tatu, ichukuliwe namba kubwa. Avute salbutamol pafu nne kwa spesa. Baada ya dakika 15 apulize tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20, tuseme kutoka lita 250 kwa dakika hadi 300, pumu inakaribia kuthibitika. Isipopanda, hajasafika bado: pumu hubadilika siku hadi siku, arudie siku akibanwa.

Wapo waliomaliza dozi ya kifua kikuu wakabaki na mapafu yenye makovu. Wanakohoa na kuhema miaka, na wengine wanaanzishiwa dozi tena bila bakteria yoyote kuonekana. Hawa waandikwe kwa jina la ugonjwa wao, wapewe mazoezi ya kupumua, na wapimwe kama njia zao za hewa zimebana.

Kabla ya kutafuta ugonjwa wowote wa ajabu, tuangalie mfuko wa dawa wa mgonjwa. Enalapril na captopril, dawa za presha zinazogawiwa sana katika kliniki zetu, huleta kikohozi kikavu kisichokoma. Mgonjwa akihamishiwa losartani, kikohozi hupungua ndani ya wiki moja hadi nne, mara chache hadi miezi mitatu. Propranolol, na hata matone ya timolol ya presha ya macho, yanaweza kumfunga kifua mwenye pumu. Matone ya jicho hayaulizwi na mtu yeyote. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hufanya hivyo kwa baadhi yao. Mzee anayekohoa akilala chali na miguu imevimba huenda moyo ndio unaochoka. Kiungulia na mafua yanayotiririka kooni yapo pia, na hayahitaji zaidi ya maswali matano.

Kwa mjamzito, ujumbe kwa watumishi uwe mmoja: asiachishwe inhela. Shambulio linalomnyima mama oksijeni linamnyima na mtoto, na hatari hiyo inazidi hatari yoyote ya steroidi ya kuvuta. Akipandwa na presha, labetalol ikwepwe. Nifedipini na methyldopa zipo.

Anayeishi na virusi vya UKIMWI akiwa kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri asipewe inhela ya flutikasoni wala budesonidi. Ritonaviri inazuia ini kuvunja steroidi hizo. Zinajaa mwilini, uso unavimba, sukari inapanda, tezi za juu ya figo zinalala. Kwake beklometasoni ndiyo salama zaidi. Dolutegraviri haina shida hiyo. Kadi ya CTC (kliniki ya UKIMWI) na kadi ya pumu zisomwe na mtu mmoja, kwa sababu madhara haya hutokea pale kliniki mbili zinapomtibu mgonjwa bila kujuana.

Kwa wafanyakazi wa korona za mkonge, viwanda vya kukoboa kahawa na machimbo madogo, swali la kwanza liwe: kikohozi kinapungua siku za mapumziko? Kama ndiyo, tatizo liko kazini. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mwamba miaka mingi ni habari nyingine: inhela haitamsafisha, na hatari yake ya kifua kikuu ni kubwa kuliko ya jirani yake. Huyo dawa yake ilikuwa kuchoronga mwamba kwa maji tangu mwanzo.

Kuhusu sirapu za kikohozi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya vifo vya watoto Gambia vilivyohusishwa na sirapu zenye sumu ya daiethilini glaikoli. Aprili 2024 sirapu ya watoto iliyokutwa na sumu hiyohiyo Nigeria iliondolewa sokoni pia Kenya na Tanzania. Tunashukuru kwa hatua hiyo, lakini tunauliza kwa nini dawa zisizotibu chochote ziendelee kuuzwa kwa wingi kiasi hiki. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Baraza la Famasi waandike kwenye mafunzo ya wauzaji wa maduka ya dawa muhimu: hakuna sirapu yenye kodeini kwa mtoto, mwenye zaidi ya mwaka mmoja asali kijiko kimoja usiku inatosha, na wa chini ya mwaka asipewe kabisa kwa hatari ya botulizimu, na mteja anayenunua kopo la tatu la bluu ndani ya mwaka aelekezwe zahanati kabla ya la nne.

Shuleni, mwenye pumu asipangwe zamu ya kufagia darasa kavukavu. Wanaofagia wanyunyize maji kwanza. Inhela ya bluu akae nayo mwenyewe mfukoni, isifungiwe kwenye kabati la mwalimu mkuu. Na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania, ungeanza vizuri zaidi na kaya zenye wagonjwa wa kifua. Majina tunayo.

Kwa bima, ombi letu ni mstari mmoja ndani ya kitita cha mafao: beklometasoni, budesonidi na formoterol, na spesa, zilipwe kuanzia ngazi ya zahanati. Kwa orodha ya taifa ya dawa muhimu, dawa hizo ziwekwe ngazi A, yaani ya zahanati, na pale zilipokwisha kuandikwa zinunuliwe.

Na kwa Bohari, tunaomba namba mbili zitangazwe kwa kila wilaya, kila robo mwaka: makopo mangapi ya salbutamol yametoka, na mangapi ya kinga. Mnazo tayari kwenye mfumo wenu. Wilaya ambayo ya kwanza inazidi ya pili mara kumi ijulikane, na Mganga Mkuu wake aulizwe kwa maandishi ndani ya siku 30.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Matabibu, wauguzi na wafamasia wa ngazi ya msingi

Nakala: Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Baraza la Famasi, Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.